Fundi Pasi na Waya wa Kijani

"Kachimba shimo, mwenzangu. Shimo hasa, la kummeza mtu mpaka kiunoni."

Mama Mkaa alisema hayo bombani, ndoo yake imeshajaa, maji yanamwagika miguuni mwake, naye haoni. Aliitwa Mama Mkaa kwa sababu aliuza mkaa, na habari za mtaa alizipima kama alivyoupima mkaa wenyewe: kopo linajazwa mpaka linafanya kilima, kisha anaongeza kipande kimoja juu, cha mapenzi.

"Nani kachimba?" aliuliza Mama Kidege, akimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Nani mwingine? Fundi Pasi. Nyuma ya karakana ya seremala, pale pale mumeo na wenzake wanapopigia huo muziki wao. Kaja kwangu, kanunua mkaa, nikadhani anataka kupika. Kumbe! Kautwanga, kauchanganya na chumvi, kaumwaga shimoni, kasimamisha chuma katikati, kamwagia maji. Na mkono wa kushoto mfukoni muda wote! Sasa niambie wewe uliyekwenda shule, chumvi na mkaa ni dawa ya nini?"

Mama Kidege alikuwa amemaliza shule ya msingi, na hakukumbuka somo hata moja lililofundisha hilo.

"Mimi simsemi mtu," Mama Mkaa aliendelea, akisogea karibu. "Lakini yule fundi alikuwa na mdogo wake. Mwimbaji. Alikufa ameshika maikrofoni mkononi. Maikrofoni kaitengeneza nani? Kaka yake. Leo kaka yake anatengeneza nyingine, na mwimbaji ni nani? Mimi sijasema kitu."

Mama Kidege alibeba ndoo yake ikiwa nusu. Njia nzima alisikia pumzi ya mtoto shingoni, ndogo, ya moto, na kila pumzi ilimkumbusha kwamba mtoto huyu ana baba mmoja tu.

Mtaani hakuna asiyemjua Fundi Pasi. Alikaa chini ya ngazi za jengo la ghorofa mbili, kwenye kibanda ambacho mtu mnene angekivaa tu badala ya kuingia. Pasi za watu alizipanga rafuni kama viatu, feni alizisimamisha mlangoni kama walinzi. Kila pasi aliyoitengeneza aliijaribu kwenye suruali yake mwenyewe, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mwanamume mwenye suruali zilizonyooka kuliko wote mtaani na kucha chafu kuliko wote mtaani. Watu walikuwa na mawili ya kumsema. Kwanza, akifanya kazi na umeme, mkono wa kushoto unakaa mfuko wa nyuma. Wengine walidai umekauka, wengine kwamba ameshika hirizi. Pili, hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Mwambie kichekesho cha kuvunja mbavu, atakutazama, ataitikia kwa kichwa, na atarudi kwenye waya zake.

Baba Kidege alikuwa mpaka rangi. Mchana alipaka kuta za watu, jioni aliimba na kupiga gitaa na wenzake wawili: Bucha, aliyekata nyama asubuhi na kupiga ngoma jioni kwa mikono ile ile, na Kinyozi, aliyepiga gitaa la besi. Ngoma za Bucha zilikuwa na sauti ya kumeza kila sauti nyingine, na Baba Kidege aliimba juu yake kwa koo tupu. Miezi mitatu ya mazoezi ilimmaliza. Zamani mtoto alilala kwa kuimbiwa na baba yake. Siku hizi baba alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu, kama tairi la baiskeli lililopata mwiba, na mtoto alimtazama midomo kwa mshangao, akisubiri.

Ndipo walipokwenda kwa Fundi Pasi. Vyombo vya dukani hawakuviweza, hata kuviuliza bei waliona aibu. Fundi aliwasikiliza mpaka mwisho, akakataa. Wakarudi, akakataa. Mara ya tatu Bucha akasema, bila kukusudia ubaya, kwamba basi watamtafuta fundi mwingine yeyote anayejua kuunganisha waya. Fundi Pasi akaweka bisibisi chini. "Anayejua kuunganisha," akasema. "Basi niachieni mimi."

Na akaanza kuokota. Spika mbili zilitoka kwenye ukumbi wa shule uliokuwa unabomolewa. Moja ilikuwa imechanika, akaishona kwa karatasi na gundi. Masanduku ya spika aliyatengeneza kwa mbao za kabati la nguo, na la kulia lilibaki na tundu lake la ufunguo. Maikrofoni ilikuwa imebonyea kichwa kama kikombe kilichoanguka. Aliisimamisha juu ya mguu wa feni. Kikuza sauti, lile sanduku la bati linalochukua sauti ndogo ya maikrofoni na kuifanya kubwa, kilikuwa kikongwe, kizito kama jiwe la kusagia, na kona moja ilikuwa na kutu.

Mama Kidege alimwambia mumewe habari za shimo. Baba Kidege alicheka cheko lisilo na sauti, mabega tu yakitikisika.

"Wewe," alinong'ona, "kivuli chako kingekuwa na miguu miwili zaidi ungekikimbia."

"Na mdogo wake?"

"Ajali, mke wangu. Ajali haina kinga."

Jibu hilo halikumlaza. Kesho yake alichukua pasi ya nyumbani, nzima kabisa, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda chini ya ngazi.

Fundi Pasi aliichomeka, akaigusa chini kwa kidole kilicholowa mate. Ikalia chsss.

"Pasi hii haina ugonjwa, mama," alisema. "Mgonjwa ni nani?"

Mama Kidege alitazama sakafu. Alikuwa amepanga maneno matano mazuri ya kuanzia. Likatoka moja. "Shimo."

Fundi hakukasirika. Alichukua kopo la maji akamwaga kidogo juu ya meza, maji yakakimbilia ukingoni yakadondoka.

"Umeona? Yanatafuta bondeni. Umeme nao ndio hivyo hivyo. Chombo kikongwe kama kile huvuja, umeme unatoka kwenye waya zake unapanda kwenye bati. Ukishapanda, unatafuta bondeni. Karakana ile, soketi ya chombo ina matundu matatu, lakini tundu la tatu halikuunganishwa na kitu. Pambo. Kwa hiyo nimechimbia bomba la chuma ardhini, chumvi na mkaa ni vya kufanya udongo ushike unyevu uupokee umeme vizuri. Kutoka pale nimeleta waya wa kijani mpaka kwenye tundu hilo la tatu, uendelee ndani ya plagi mpaka kwenye chombo. Hilo ndilo bonde lake. Usipokuwa na bonde hilo, bonde litakuwa mumeo."

Alifungua plagi ya kikuza sauti, kilichokuwa bado kibandani, akamwonyesha. Waya tatu, mmoja wa kijani umekaa peke yake juu, umekazwa kwa skurubu. Mkono wa kushoto ulikuwa mfuko wa nyuma.

"Na mkono?" Mama Kidege aliuliza, akishangaa ujasiri wake mwenyewe.

"Umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, njiani unapita moyoni. Ukiwa na mkono mmoja tu kazini, umepunguza barabara." Akaufunga ule mfuniko wa plagi. "Mama Mkaa alikwambia na ya mdogo wangu."

Mama Kidege alikaza kanga ya mtoto kifuani.

"Amekwambia kweli. Nilimuua mimi."

Mtoto aligeuza kichwa mgongoni. Mama Kidege alirudi nyuma hatua moja, kisha akasimama.

"Chombo chetu kilikuwa kinanguruma," Fundi Pasi alisema, akiiangalia plagi badala ya kumwangalia yeye. "Mmmmm, muda wote, hata hujaimba. Watu wakanikera: fundi gani huyu, tunaimba na nzi? Kuna dawa ya haraka, kila fundi wa muziki anaijua. Unafungua plagi, unakata waya wa kijani. Kelele inakufa palepale. Nikaukata. Wakanibeba juujuu. Wiki tatu tukapiga muziki safi. Wiki ya nne chombo kikavuja. Mdogo wangu alikuwa ameshika gitaa, na gitaa lile lilikuwa na waya wake wa ardhi mzima: bonde lenyewe mikononi mwake. Akasogeza mdomo kwenye maikrofoni. Akakakamaa. Akatoa macho. Alikuwa mtu wa mizaha sana. Tukacheka."

Akachukua kichupa cha rangi ya kucha mezani.

"Nilicheka, mama. Nilicheka kama mtu anavyocheka akiwa hana deni na Mungu. Nilipoelewa, sikukimbilia swichi. Nilimkimbilia yeye. Ni mdogo wangu, ningekimbilia nini? Nikamkumbatia, nikatupwa ukutani. Mpaka nilipojua nilipo, muda ulikuwa umekwisha."

Juu ya skurubu ya plagi alidondosha tone la rangi nyekundu ya kucha, likakaa kama tone la damu, akalipuliza likauka.

"Hii ni muhuri. Ikiwa nzima, waya upo. Ikiwa imevunjika, kuna mtu kaingia humu."

Mama Kidege alirudi nyumbani na pasi yake nzima, na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Uzushi una mahali pa kuushikia: unaweza kuukataa, unaweza kumcheka aliyeuleta. Ukweli haukuwa na pa kushika.

Jumanne vyombo viliwashwa kwa mara ya kwanza. Mama Kidege alisimama mlangoni mwa karakana, harufu ya mbao puani, mtoto mgongoni akinyonya kidole. Baba Kidege aliweka gitaa chini, akasogelea maikrofoni, akasema, "Moja, mbili." Sauti yake ndogo, iliyochakaa, ikatoka kwenye kabati la nguo ikiwa sauti ya mwanamume mzima. Alishtuka mwenyewe. Akamgeukia mkewe macho yamelowa.

Lakini nyuma ya sauti kulikuwa na mngurumo. Mmmmmm. Mnene, usiochoka.

"Fundi," alisema Bucha, "umetufungia na mashine ya kusaga?"

"Kata waya wa kijani, bwana," Kinyozi akasema. "Mimi nimepiga muziki kumbi nyingi. Wote wanakata."

Fundi Pasi alikuwa anakunja waya. Mkono wake wa kulia ukasimama.

"Mngurumo haujaua mtu," alisema. "Gitaa na kikuza chake vinapata umeme soketi ile ya ukutani yenye ardhi ya jengo, maikrofoni soketi hii yenye ardhi ya shimo, na ardhi zenyewe zinagombana. Nitatafuta waya mrefu, vyote vipate umeme kutoka mahali pamoja. Nipeni mpaka Alhamisi. Na mpaka nirudi, msiwashe."

"Mpaka Alhamisi tuimbe na nyuki?"

"Msiwashe," Fundi Pasi alirudia, akatoka, suruali yake imenyooka kama rula.

Alhamisi jioni Mama Kidege alikuwa akianua nguo za mtoto. Kutoka uani kwao hadi karakana ni nyumba nne. Alisikia ngoma ya Bucha ikijaribiwa, ikanyamaza. Akasikia Kinyozi akisema neno kwenye maikrofoni, akichekesha, na wenzake wakicheka. Neno lilikuwa wazi kabisa, kama mtu yumo mle uani. Alikunja kitambaa cha kwanza, akakunja cha pili. Cha tatu kikamwanguka.

Mngurumo ulikuwa wapi?

Alisikiliza. Kati ya neno na neno hapakuwa na kitu. Palikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Labda fundi amerudi, alijiambia. Labda ameleta waya wake mrefu. Alijiambia hivyo akiwa tayari anakimbia, mtoto mgongoni akirukaruka na kudhani ni mchezo, akicheka kila hatua.

Mlangoni alisimama kuangalia, maana hofu haikumnyima macho. Waya mrefu haukuwepo. Gitaa lilikuwa bado limechomekwa soketi yake ya ukutani. Seremala alikuwa amenyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi la mbao. Mumewe alikuwa peku, viatu vyake vya rangi kavivua mlangoni kama kawaida yake, gitaa begani, vidole kwenye nyuzi, na alikuwa anasogea kwenye maikrofoni akiwa amefumba macho, kama anavyofumba anapotaka kuanza wimbo. Fundi Pasi hakuwepo. Chini, kwenye plagi ya kikuza sauti, ile nukta nyekundu ilikuwa imepasuka katikati.

Alipiga kelele, lakini ngoma ya Bucha ilikuwa imeanza.

Hakujua alivukaje chumba. Swichi ilikuwa pembeni mwa soketi. Aliipiga kwa ngumi, na kwa kuwa hakuiamini, akang'oa na plagi. Ngoma ikaendelea midundo mitatu peke yake, ikakwama. Baba Kidege alifumbua macho, midomo yake ikiwa upana wa kidole kutoka kwenye kile chuma kilichobonyea.

"Unafanya nini?" alinong'ona.

"Tumepata meneja!" Bucha akasema. "Meneja kaja na katibu wake mgongoni."

"Mama Kidege, nakuuliza. Mbele ya watu?"

Mama Kidege aliinyoosha ile plagi, nukta iliyopasuka ikiwa juu, na ndivyo Fundi Pasi alivyowakuta alipoingia na mzingo wa waya begani. Aliweka mzingo chini, akaichukua plagi mkononi mwake taratibu kama anavyopokewa mtoto aliyelala, akaifungua.

Waya wa kijani ulikuwa umekatwa sawasawa, kwa kitu chenye makali.

"Mkasi wangu," alisema Kinyozi. Sauti ilikuwa imempungua. "Nilitaka... fundi, kelele ilikuwa inatuharibia. Nilitaka tu kuwasaidia. Mbona nimeijaribu mwenyewe sasa hivi, sijapata kitu?"

"Ulikuwa umevaa viatu. Na hukushika gitaa."

Fundi Pasi akaifunga plagi hivyo hivyo, bila waya. "Rudini ukutani. Wote. Mtu asiguse chuma chochote." Mkono wa kushoto ukaingia mfuko wa nyuma. Akachomeka, akawasha, akatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Akaisogeza kwenye kichwa cha maikrofoni, pale penye matundu, pale midomo inapokaa.

Kitaa kikawaka. Chekundu, kidogo, kimetulia.

Bucha aliweka fimbo zake za ngoma chini, moja, kisha nyingine, kama mtu anayeweka mayai. Baba Kidege alivua mkanda wa gitaa akaketi juu ya rundo la mbao, akamtazama mkewe. Mtoto peke yake aliendelea kucheka, akisubiri mbio zianze tena.

Kazi ya kurudisha waya haikuchukua muda. Fundi Pasi alizima, akang'oa plagi, akauunga, akaukaza, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akautandaza ule waya mrefu, gitaa na maikrofoni na kila kitu vikapata umeme kutoka mahali pamoja, vikapelekwa kwenye ardhi moja, kwenye lile shimo la chumvi na mkaa. Akawasha. Mngurumo ukaja kidogo, ukajikunja kama mbwa anayelala, ukaisha. Ukimya ule ule, lakini safari hii wa haki. Testa ikaguswa kwenye maikrofoni. Kitaa hakikuwaka. Ikaguswa mara ya pili, na ya tatu.

"Basi imepona," alisema Bucha, akitaka mtu amkubalie.

"Testa haina mdomo," Fundi Pasi alijibu. "Mdomo wa kwanza utakuwa wangu."

Alivua viatu. Soksi zake zilikuwa zimetoboka kwenye visigino, Mama Kidege aliona, na soksi pia akazivua, akakanyaga sakafu yenye unyevu. Akaliokota gitaa la Baba Kidege akalivaa; halikumkaa vizuri, kama nguo ya kuazima. Mkono wa kulia akauweka kwenye nyuzi. Wa kushoto, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, ukatoka mfukoni umeme ukiwa umewashwa. Ulikuwa mkono mzima, wa kawaida kabisa, mweupe kidogo kiganjani kwa kukosa kazi.

"Nitakaa mimi kwenye swichi," alisema Baba Kidege, akiinuka.

"Hapana. Wewe kaa. Na wewe, Bucha. Na Kinyozi, wewe hasa kaa. Nyie tumekula sahani moja, nikianguka mtanikimbilia, kama nilivyokimbia mimi. Anayekupenda hakumbuki swichi." Akageuka polepole, gitaa likimgonga tumboni. "Mama Kidege. Wewe unaniogopa. Umeniogopa tangu siku ile ya pasi, na leo unaniogopa zaidi. Usijali, si tusi. Mpe baba yake mtoto, njoo hapa, weka kidole kwenye swichi. Nitasogeza mdomo. Ukiniona nimekakamaa, usinishike. Usiniite. Nikitoa macho, hata nikifanana na mtu anayefanya mzaha, usicheke, mama. Zima tu."